Wageni wa Njugu na Maziwa

Sogeeni, watoto wangu. Sogeeni karibu, mkeka una nafasi. Leo nawasimulia habari za Njugu na Maziwa, na za wageni wao wawili waliofika Isiolo mjini wakati wa jua kali.

Njugu alikuwa wa rangi ya njugu zilizokaangwa. Maziwa alikuwa mweupe, ila sikio moja lilikuwa jeusi kama masizi. Wote wawili walikuwa majike. Wote wawili walikuwa simbilisi.

"Simbilisi ni nini, Mjomba?"

Umeuliza vyema, mwanangu. Asiyeuliza hubaki na shimo moyoni. Simbilisi ni mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia wa kuonekana. Ukimpakata anajaa viganja viwili, na akikomaa uzito wake hukaribia pakiti ya sukari ya kilo moja. Miguu ya mbele ina vidole vinne vinne, ya nyuma vitatu vitatu. Hesabuni wenyewe mkimpata.

Najua mtasema, "Huyu si pimbi?" Maana pimbi sisi tunamjua. Nendeni Shaba mtamkuta juu ya mawe anaota jua la asubuhi. Lakini hapana. Pimbi ni jamaa wa tembo, msimwone mdogo vile. Simbilisi ni mgugunaji, jamaa wa panya na nungunungu, na kwao asili ni mbali, milima ya Andes huko Amerika Kusini, nchi za Peru na Bolivia. Watu wa huko walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Alivuka bahari, akatawanyika. Leo ukienda Iringa na Njombe, Tanzania, au Kivu, mashariki ya Kongo, utamkuta jikoni mwa watu, anakimbia chini ya meza akiokota maganda. Huko hufugwa kwa kitoweo. Njugu na Maziwa walifugwa kwa mapenzi tu.

Waingereza walimpa jina linalomaanisha nguruwe wa Guinea. Jina hilo lilitaka kutuletea balaa. Mama yangu mzazi, ambaye ni nyanya ya mpwa wangu, alilisikia akashika kichwa. "Nguruwe? Ndani ya nyumba yangu?" Nikamwambia, "Mama, si nguruwe, na Guinea hakupajua. Hana kwato, hana pembe za mdomoni. Ni jina tu la watu wasiomjua." Mama alimtazama Njugu. Njugu naye akamtazama Mama. Mama akasema, "Basi mpeni mboga, mbona ana njaa."

Sasa twende kwenye kisa.

Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa, na nyumba yao iko Bulla Pesa. Siku moja jirani yao, mwalimu, alipata uhamisho. Akaja jioni na katoni mikononi. Ndani ya katoni mlikuwa na macho manne yanayong'aa. "Siwezi kusafiri nao," akasema. "Ni majike wawili. Wachukue."

Mmoja alikuwa wa kijivu, mpwa wangu akamwita Vumbi. Wa pili alikuwa hudhurungi nzito, akamwita Kahawa. Kisha akanijia mbio, pumzi juu juu.

"Mjomba, sasa ni wanne! Tuwatie tu kwenye kibanda cha Njugu na Maziwa, si ndiyo?"

Nikamwambia, "Kwanza nafasi, halafu mgeni."

"Nafasi ya nini, Mjomba? Ni wadogo."

"Mama yako akipika ugali wa watu wawili, wakaja wawili wengine, anafanya nini?"

"Anabandika sufuria kubwa."

"Haongezi unga kwenye ile ndogo?"

"Itamwagika!"

Haya, mmesikia? Mtoto amejijibu mwenyewe. Kwanza nafasi, halafu mgeni.

Kibanda cha Njugu na Maziwa kilikuwa nje, uani, chini ya mabati. Kwa wawili kilibana. Kwa wanne kingekuwa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Na kilikuwa na ubaya mwingine uliokuwa mkubwa kuliko kubana. Hilo nitamwachia Njugu mwenyewe aseme.

"Mimi ni Njugu. Sina jasho. Nyinyi mkiona joto mnatoka jasho, upepo ukipita mnapoa. Mbwa hutoa ulimi akahema. Kuku hupanua mdomo na kunyanyua mabawa. Mimi sina jasho, sina mabawa, na kuhema kwangu hakunisaidii. Babu zangu walizoea baridi ya milimani. Siku ile mabati yalikuwa yanalia, ta, ta, ta. Maji yangu yalikuwa ya moto kama chai. Nilinyoosha miguu nikalala tumbo chini. Sikutaka mboga. Sikutaka hata Maziwa anisogelee."

Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa siku tatu tu kabla ya mwalimu kuja. Mpwa wangu alitoka madrasa akamkuta Njugu amelala hivyo, mbavu zinapanda na kushuka harakaharaka, kidevu kimelowa mate. Alinipigia kelele ambayo bado naisikia. Tulimwingiza ndani tukamlaza kwenye sakafu ya saruji. Tukalowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, tukampangusa masikio na nyayo.

"Mjomba, nilete barafu?"

"Hapana, mwanangu. Chungu kilichotoka motoni ukikimwagia maji baridi sana, kinafanyaje?"

"Kinapasuka."

"Mwili mdogo nao hushtuka. Polepole."

Tulikaa naye karibu saa nzima. Alipoinua kichwa na kulamba maji kwenye kidole cha mpwa wangu, mtoto alilia. Mimi pia macho yalinilenga.

Simbilisi hujisikia vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 18 na 24. Likipita 27 hatari inaanza. Nanyi mnaijua Isiolo ya saa nane mchana. Nyuzi 30 tunazipita tukiwa bado tunasalimiana. Basi nikasema mbele ya dada yangu na mama yangu kwamba wanyama hawa wataishi ndani, wenyeji na wageni.

Dada yangu akauliza swali la mama wa nyumba. "Na harufu?" Ni swali la haki. Nikamwahidi kwamba kila siku tutaondoa nyasi zilizolowa mkojo, na kila wiki tutatoa matandiko yote, tupanguse kwa maji na siki. Mpwa wangu akaongeza, "Na mikono nitanawa kwa sabuni kila nikiwashika." Dada akakubali.

Tukatafuta chumba. Jikoni hapana, moshi wa makaa unawaumiza mapafu. Chumba cha mbele hapana, dari hakina, na mabati yake ni yaleyale ya uani. Tulichagua kile cha nyuma chenye ukuta wa mawe na dari ya mbao, ambacho jua la alasiri halikifikii. Ukiweka kiganja ukutani mchana unapata ubaridi, kama wa mtungi.

Mtungi huo nao ulitufundisha jambo. Mmeona nyanya zenu wakiuvisha gunia bichi? Maji ya kwenye gunia hukauka, na yakiondoka huondoka na joto. Hewa yetu ya Isiolo ni kavu, kwa hiyo maji huondoka upesi na ubaridi huja upesi. Tukatundika shuka bichi dirishani, upepo unapopita. Siku za jua kali tulijaza chupa maji, tukaigandisha kwenye friji ya jirani, tukaifunga kwa kitambaa na kuilaza katikati ya nyumba yao. Maziwa alikuwa akiiegemea kama mto.

Nyumba yenyewe aliitengeneza fundi seremala wa karibu na soko. Urefu mita 2, upana mita 1. Chini mbao, juu ya mbao kapeti ya plastiki isiyopitisha maji. Pembeni waya wa kuku, na juu mfuniko wa waya huohuo, maana paka wa jirani alikuwa keshaanza kupita dirishani mara mbili kwa siku.

"Mbona kubwa hivi, Mjomba?"

"Simbilisi wawili wanahitaji angalau eneo la msala mmoja wa kuswalia. Wanne wanahitaji zaidi. Hawa hawapandi juu kama paka, maisha yao yote ni sakafuni. Sakafu ndiyo barabara yao, ndiyo ua wao, ndiyo uwanja wao wa mpira."

"Na kwa nini chini hatukuweka waya, uchafu ushuke wenyewe?"

"Wewe ungependa kutembea juu ya waya peku, maisha yako yote?"

Akatazama nyayo zake. Akanyamaza.

Ndani tuliweka maficho. Mama yangu alitoa vyungu vyake viwili vilivyovunjika, sisi tukaongeza katoni mbili. Kila ficho lilikuwa na milango miwili. Hilo ni muhimu kuliko mnavyodhani. Simbilisi akikimbilia penye mlango mmoja na mwenye hasira akasimama mlangoni, amekwisha kunaswa. Palipo na milango miwili, mmoja anaingia na mwingine anatoka, na ugomvi unakosa mahali pa kukaa.

Nafasi ikapatikana. Mpwa wangu akarukaruka. "Sasa wageni waingie!"

Bado, mwanangu. Bado kidogo.

Mnaujua mtaa wa LMD hapa Isiolo? Herufi hizo zilikuwa za idara ya serikali ya kuuza mifugo. Tangu enzi za mkoloni, ng'ombe waliotoka kaskazini walisimamishwa Isiolo. Walikaa karantini, wakatazamwa kama wana maradhi, ndipo wakaruhusiwa kuteremka kusini. Mwenye ng'ombe alikuwa na haraka, lakini ugonjwa mmoja ungemaliza mazizi ya watu wengi. Basi nasi tukafanya LMD yetu ndogo. Vumbi na Kahawa walikaa chumba kingine wiki tatu. Tuliwalisha wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha tukanawa mikono. Tukatazama pua kama zinatoka makamasi, macho kama yana tongotongo, manyoya kama yana chawa. Kila Ijumaa tuliwapima kwenye mizani ya jikoni, maana simbilisi akiugua huficha. Kabla hujaona ugonjwa, mizani itakwambia.

Na karantini hiyo ilituokoa kwa njia ambayo hatukuitegemea. Siku ya pili nilimgeuza Kahawa taratibu nimkague tumbo. Nikamtazama vizuri. Nikamwita dada yangu naye atazame.

Kahawa hakuwa jike.

"Dume ni mbaya, Mjomba?"

Si mbaya hata kidogo. Lakini hesabuni nami. Jike la simbilisi hubeba mimba kiasi cha miezi miwili na siku chache. Akizaa, huzaa wawili, watatu, hata wanne. Na siku hiyohiyo ya kuzaa anaweza kupata mimba nyingine. Tungewatia wote pamoja siku ile ya kwanza, majike watatu na dume mmoja, tungekuwa na watoto tisa kabla ya shule kufungwa. Msala gani ungetosha?

Nilimwendea daktari wa mifugo nimwombe amhasi. Alikuwa mtu mkweli. Alisema mkono wake umezoea mbuzi na ngamia, na mwili mdogo vile unaweza kufa kwa dawa ya usingizi. Nilimshukuru. Tukampa Kahawa nyumba yake, na karantini ilipokwisha tukaishikamanisha na ya majike, waya katikati. Anawaona, anawanusa, wanapigiana mluzi. Upweke kwa simbilisi ni ugonjwa. Nchi ya Uswisi iliona hivyo hata ikaweka kanuni mwaka 2008 kwamba asifugwe peke yake. Jirani wa ukutani si sawa na mwenza wa nyumba, lakini ni afadhali kuliko ukimya.

Vumbi yeye angekutana na wenyeji. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Hatukumwingiza kwenye nyumba ya wenyeji. Tulitandika shuka safi sebuleni, mahali ambapo hapana wa kusema "hapa kwangu". Katikati tukamwaga lundo kubwa la nyasi na majani ya sukuma wiki. Tukawaweka watatu kwa pamoja. Mpwa wangu akanishika mkono wa kanzu. Njugu, endelea.

"Nilimnusa. Alinuka nyumba nyingine. Nikainua kidevu juu. Naye akainua. Nikasaga meno, tk-tk-tk-tk, maana yake 'sogea'. Hakusogea. Nikamzunguka nikitikisa nyonga na kunguruma, drrrr, ili ajue mwenye mji ni nani. Maziwa alikuwa anakula tu, Maziwa hana maneno. Nikamfukuza Vumbi mara mbili kuzunguka lundo. Nikamng'oa manyoya kidogo. Kidogo tu."

"Mjomba, wanapigana! Watenganishe!"

"Unaona damu?"

"Sioni."

"Basi ngoja. Wanaulizana tu nani mkubwa. Wangekamatana wakabingirika kama mpira, ningetupa taulo juu yao. Taulo, si mkono. Meno yale hayachagui."

Tukangoja. Ilikuwa kazi ngumu ya mpwa wangu mwaka ule, kukaa bila kugusa. Dakika kumi. Nusu saa. Kisha Vumbi akashusha kichwa, chini kabisa, puani mwa Njugu. Njugu akanguruma mara moja. Akageuka. Akang'ata jani. Vumbi akang'ata ncha ya pili ya jani lilelile. Wakavutana, likakatika, kila mmoja akala kipande chake.

Baada ya saa mbili walikuwa wanatafuna bega kwa bega. Wakati huo dada yangu alikuwa ameisafisha nyumba yote kwa siki isinuke ya mtu. Tukawaingiza pamoja. Usiku kulikuwa na kufukuzana, asubuhi kulikuwa na kimya. Siku ya tatu tulimwona Vumbi akiruka mwenyewe hewani, akajipinda, akaruka tena kama bisi kwenye sufuria. Simbilisi haruki hivyo ila amefurahi.

"Na chakula, Mjomba? Wanne si watatumaliza?"

Nyasi kavu, mwanangu. Robota moja, na liwepo saa zote. Meno yao hayaachi kukua, na nyasi ndizo zinazoyasugua. Juu ya nyasi kila mmoja apate jani la sukuma wiki na kipande cha pilipili hoho kila siku. Vitunguu na parachichi, hapana.

"Kwa nini sukuma wiki kila siku?"

Hilo, wanangu, ni swali lililowahi kuulizwa na wataalamu. Zamani mabaharia walikaa miezi baharini wakila biskuti kavu. Fizi zikavimba, meno yakalegea, wakafa. Ndio ugonjwa wa kiseyeye. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu. Simbilisi nao wakapata kiseyeye kama mabaharia. Walipopewa kabichi na malimau wakapona. Mbuzi wenu hutengeneza vitamini C mwilini mwake. Paka hutengeneza. Ngamia hutengeneza, na maziwa yake yana vitamini hiyo nyingi kuliko ya ng'ombe. Mimi na wewe hatuwezi. Simbilisi hawezi. Sisi na yeye lazima tuikute sahanini.

Na nisisahau jambo hili, maana nyumba nyingi hupotea hapo. Akiugua, msimpe dawa ya mtoto iliyobaki kwenye chupa. Dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini, huua vijidudu vyema vya tumbo lake, naye akafa. Mpelekeni kwa daktari.

Wiki zikapita. Vumbi akanenepa. Mizani ya Ijumaa ikawa inapanda, gramu kwa gramu, hata wiki ambazo Njugu na Maziwa walisimama palepale. Nikamwambia mpwa wangu aweke kiganja chini ya tumbo lake, taratibu, asubiri. Akasubiri. Macho yakamtoka.

"Kuna kitu kimenigonga!"

Kumbukeni, Vumbi na Kahawa walikaa katoni moja.

Asubuhi moja ya Jumamosi nilisikia jina langu kutoka chumba cha nyuma. Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya waya, anahesabu kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu. Kisha kutoka kwenye chungu cha nyanya yake kilichovunjika wakatoka wengine watatu, wadogo kama limau, manyoya yamekauka, macho wazi, meno tayari. Simbilisi hazaliwi kipofu kama paka. Siku ya kwanza tu hutembea. Mmoja wao alikwenda moja kwa moja kwenye nyasi, akashika ubua, akatafuna. Upande wa pili wa waya Kahawa alikuwa amesimama, pua kwenye tundu, ananguruma pole pole.

Tukawageuza mmoja mmoja. Majike wawili, dume mmoja.

"Dume tutamtoa lini, Mjomba?"

"Akitimiza wiki tatu. Atahamia kwa baba yake. Kahawa atapata mwenzake."

Akafikiri. Akaitazama nyumba, mita 2 kwa mita 1. Akaitazama ya Kahawa. Akahesabu tena kwa kidole, midomo inacheza. Halafu akainuka, akajifuta magoti, akaenda kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Kwa fundi," akasema. "Nikamuulize kama mbao zilibaki."